Barua kwa mwanangu: habari ya ufunguo wa kabati

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Hatujambo, baba yako mguu umepungua uvimbe.

Umeniuliza kama Mungu bado anakuita, au alikuita kwenye ule mradi tu, na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, CTC yenu, kliniki ya wenye VVU, ikapunguza watu, wito nao ukaishia hapo. Tena unauliza kama ujaze fomu ya chuo cha Makumira usomee uchungaji. Nimeusoma ujumbe wako usiku, asubuhi nikausoma tena nikimenya ndizi. La fomu nitalifikia.

Unakumbuka habari ya kabati? Ilikuwa 1996, mwaka MV Bukoba ilipozama. Baba yako alishapunguzwa kwenye shirika, mafao hayajalipwa, bei ya kahawa ndiyo hiyo unayoijua. Mimi nilibaki na shule ya Jumapili. Siku hiyo, baada ya sadaka na kabla ya mnada, mzee wa kanisa akasimama kwenye matangazo akasema darasa sasa litashikwa na mwenye cheti, na mwalimu wa zamani arudishe ufunguo wa kabati. Mwalimu wa zamani! Nimekaa benchi la mbele na ninyi wanangu, na wewe ukauliza kwa sauti, "Mama, ni nani huyo?" Asante hawakusema. Ndani ya kabati kulikuwa na manila zangu, ile safina na twiga wake wawili, nilizozipaka rangi usiku kwa kibatari. Sijazipata mpaka leo. Yule dada aliyepewa darasa alifundisha vizuri, simnyimi haki yake. Kunishinda hapana, lakini vizuri.

Unajua nitakachosema: Mungu huita mtu, haiti cheo. Mmenicheka kwa maneno hayo tangu mko shule, chekeni tu. Lakini kama niliyaamini, mbona nililia njia nzima mpaka nyumbani? Labda niliyaamini na bado nikalia. Sijui. Mtu akikunyang'anya kazi uliyoipenda, hata Maandiko huyasikii vizuri kwa muda.

Ndipo yule mama wa nyuma ya mibuni yetu akawa mgonjwa wa kitandani kabisa. Dawa za VVU hazikuwepo, za bure zilianza kuja 2004, na watu walimsalimia kwa dirishani. Nilianza kwenda kwake kwa sababu Jumapili asubuhi nilikuwa na nafasi na hasira nyingi. Sikutaka kukaa kanisani nikimtazama mtu anafungua kabati langu. Wewe ulibeba ndoo. Glavu hatukuwa nazo, nikajifunga mifuko ya rambo mikononi kwa kamba za mgomba, ikawa inateleza kwenye shuka na maji ya jiki yanaingia ndani. Kinywa chake kilijaa utando mweupe. Uji ukiwa na moto kidogo tu, machozi yanamtoka, kwa hiyo ulikuwa unaupooza kwenye sahani, unaupulizia. Siku moja akanitazama akasema, "Mwalimu, leo somo gani?" Nikamwambia anyamaze ameze. Akacheka mpaka uji ukamtoka puani. Sijawahi kuitwa mwalimu nikafurahi vile, hata enzi za kabati.

Kule sikutumwa na baraza lolote. Wala sikujiuliza kama ni wito, shuka zilikuwa zimelowa. Mungu huita mtu, haya, nimeshasema.

Soma 1 Wafalme 19 taratibu. Eliya amelala chini ya mretemu anaomba afe, na malaika anampa mkate na gudulia la maji, anamwacha alale tena, anamlisha tena. Lile swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baada ya chakula na safari ya siku arobaini. Wewe tangu kazi iishe umelala usingizi wa kutosha lini?

Sasa fomu. Nimejiapiza nisikuamulie. Ningependa kukuona na kola, nisikudanganye, hata gomesi nitakayovaa siku hiyo ninayo. Lakini wale wagonjwa uliosema bado wanakupigia kwenye namba yako kuuliza dawa wakachukulie wapi, unawajibu nini? Uliwaandika mstari mmoja tu, kama jambo la pembeni, na mimi macho yangu yaligota hapo. Kwamba bado unapokea simu hizo saa nne za usiku bila mshahara… Basi, sisemi. Baba yako anasema uende, ila baba yako angempeleka kila mtu chuo.

Mwisho wa kupeleka fomu ni lini? Niambie mapema. Kahawa tunapeleka AMCOS, chama cha ushirika, wiki ijayo, nijue kama fedha nikuwekee ya ada au nipige bati jiko.

Mama yako