“Msuguano wa sakafu” au “msuguano kati ya gunia na sakafu”?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Niko Tandahimba, Mtwara. Mwanangu wa sekondari hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, na jioni hunieleza kwa Kiswahili. Juzi alikuwa na hesabu ya gunia la korosho lililosukumwa ghalani, likaserereka, kisha likasimama. Akasema limesimamishwa na “msuguano wa sakafu”. Kaka yake akamkatiza: sema “msuguano kati ya gunia na sakafu”. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mama. Katika mazungumzo sitamlaumu mdogo, lakini kwenye hesabu namuunga mkono kaka mtu, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. Sugua ni kitendo cha mmoja. Suguana ni cha wawili, na ndiko msuguano ulikotoka. Ni kama gongana na mgongano. Mtu akikwambia kumetokea “mgongano wa basi”, papo hapo utauliza: na nini?

Sugua viganja vyako vikavu, vitapata joto. Sasa paka mafuta kimoja tu, usugue tena. Kile kingine hukukipaka kitu, lakini sasa vinateleza vyote viwili. Hapo utaona kwamba msuguano haukuwa mali ya kiganja kimoja.

Hesabu nayo inasema hivyo hivyo. Tuseme gunia ni la kilo 80, limeachiwa likienda mita 2 kwa sekunde, na kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi vitu viwili vinavyokwamana vikisuguana, ni 0.4. Ukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo (nyutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta), kani ya msuguano ni 0.4 × 80 × 10, yaani nyutoni 320. Gawa kwa kilo 80 za gunia, unapata 4: kila sekunde mwendo unapungua kwa mita 4 kwa sekunde. Basi mita 2 zinaisha kwa nusu sekunde, na kwa kuwa wastani wa mwendo ni mita 1 kwa sekunde, gunia linasimama baada ya nusu mita.

Mwambie arudie kwa gunia la kilo 40. Kani itashuka hadi nyutoni 160, lakini umbali utabaki nusu mita, maana kilo zinazidishwa kisha zinagawanywa. Kinachobaki ni mwendo, mvutano wa dunia na ile 0.4, ambayo ni ya gunia na sakafu kwa pamoja. Likitandikwa turubai juu ya sakafu hiyo hiyo, 0.4 haitumiki tena. Itabidi ipimwe nyingine, ya gunia na turubai.