Mlima huondoka saa nne
Maswali yenu ya picha, anajibu Mzee wa Kamera, Malindi

SWALI: Asalaam aleikum Mzee wa Kamera, na shikamoo. Mimi ni karani kwenye sacco moja hapa Malindi. Mwaka huu wakubwa wameamua mkutano wa Novemba tupande Nanyuki siku tatu, watu kama 80 hivi, wafanyikazi na wajumbe, na kazi ya kutafuta mpiga picha nimeangushiwa mimi. Mwenyekiti ataka tubebe kijana wetu wa hapa ambaye hutupiga kila mwaka, ati ndio anatujua. Meneja asema tutafute wa huko huko tusilipe nauli na malazi. Nimeongea kwa simu na wawili wa Nanyuki, mmoja ataka 45,000 kwa siku, mwengine 18,000, na wote wamenitumia picha nzuri tu, sasa hata sioni tofauti iko wapi. Nifanyeje? – Karani aliyechoka

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Pole, kazi ya kuchagua mpiga picha hupewa karani ili picha zikiharibika pawe na wa kulaumiwa. Mimi niko upande wa meneja lakini si kwa ajili ya nauli.

Ntakwambia kilichonipata. Zamani kidogo kampuni moja ya huku pwani ilinibeba mimi kutoka hapa hadi Nanyuki, nami nimezoea bahari, nikajua picha ni picha tu. Ile ya watu wote na mlima nyuma yao tukaipanga saa tano, wakitoka chai. Nimewahi, nimesimamisha stendi yangu, nimepanga viti, naangalia kule kwenye mlima, hamna mlima. Mawingu meupe toka chini hadi juu, utadhani hapajawahi kuwa na kitu hapo. Kuna mhudumu alikuwa akikusanya vikombe, akanitazama akacheka, akanambia "mzee, mlima huondoka saa nne, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa kitandani, nimejifunika mablanketi matatu. Nikawapiga watu sitini mbele ya mawingu na mkurugenzi mpaka leo akiniona huniuliza mlima wake uko wapi.

Sasa hiyo ndio unayonunua ukimchukua mwenyeji. Kamera kila mtu anayo. Mlima Kenya una mita 5,199 pale kileleni Batian, na asubuhi na mapema huwa wazi, jua likianza kupasha moto zile mbuga na misitu hewa yapanda na unyevu wake, ikifika juu yawa mawingu, basi kwisha, pengine hutauona tena hadi jioni na jioni yenyewe ni bahati. Na mkutano wenu ni Novemba, mvua za vuli, kwa hivo hata asubuhi si ahadi. Alafu kuna jambo ambalo mimi sikulijua hata kidogo: mji wa Nanyuki uko upande wa magharibi wa mlima, kaskazini kidogo, manake jua la asubuhi latokea nyuma ya mlima. Mkisimama na mlima mgongoni saa moja unusu jua liko nyuma yenu, nyuso zatoka nyeusi tititi. Mwenyeji ashajua hilo, atakuja na flashi kubwa mbili kwenye stendi awamulikie nyuso ilhali jua liko juu, na wajumbe watamuona mwenda wazimu. Mwacheni. Mchana nao msijaribu kabisa, Nanyuki iko kwenye Ikweta, kuna na lile bango barabarani watu hushuka kujipiga nalo, jua la saa sita liko utosini, macho yote yawa mashimo.

Kwa hivo wewe wapigie simu wale wawili, swali la kwanza uwaulize: "picha ya watu 80 na mlima nyuma tuipige saa ngapi na wasimame wapi?" Atakayekwambia "saa yoyote mnayotaka madam" huyo muache, hata akiwa wa 18,000. Atakayekwambia waamshe watu wawe nje saa moja kasorobo wamevaa, na siku mbili mfululizo ili mawingu yakikataa ya kwanza kuna ya pili, na kama mvua ikinyesha tutatumia ngazi za hoteli mimi nikae juu ya ngazi ya mbao, huyo ongea naye.

Baridi pia. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na betri ya kamera kwenye baridi hulegea haraka. Wenyewe hutembea na za akiba ndani ya mfuko wa shati kifuani zipate joto la mwili, mimi zangu nilikuwa nimeziacha kwenye buti la gari. Na ukitoka nje asubuhi ukaingia ukumbini wenye moto, lenzi yaweka ukungu. Hapo sisi wa pwani twajidai twajua ukungu wa lenzi, manake hapa ukitoka chumba cha eisi ukaingia kwenye joto la Malindi ni yale yale, ila huku ni ukitoka, kule ni ukiingia, nami nikasahau kugeuza. Waifungia kamera ndani ya begi kama nusu saa ndio uitoe.

Haya, sasa mwenyekiti wako naye hajakosea. Mwenyeji anaujua mlima lakini hawajui watu wenu, na hapa ndipo wengi huharibu. Wamchukua mtu wa bara, hodari, wamwambia "njoo tu saa mbili", naye aja akuta kina mama wamevaa buibui nyeusi wamekaa kando ya wanaume wenye kanzu nyeupe, kamera yachanganyikiwa, kanzu zaungua zawa kama karatasi ama buibui zageuka shimo moja jeusi lenye mikono. Muombe akuonyeshe picha ya namna hiyo ashapiga, harusi ya Kiislamu hata moja. Kisha muandikie ukurasa mmoja tu. Nani ni mwenyekiti na nani ni mgeni rasmi, nani atapewa zawadi na dakika ngapi, swala ya adhuhuri na alasiri asipige, na chakula cha jioni cha kina mama wakijitenga na kufungua mitandio awe mpiga picha wa kike ama asiwepo mtu kabisa. Hili la mwisho usilione dogo. Nishaona picha za mama wa watu zimetoka kwenye kundi la WhatsApp kabla hata basi halijafika Mombasa, na ugomvi wake haujaisha.

Na sheria iko, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Nyinyi wakati wa kujiandikisha mlangoni pitisheni fomu, asiyetaka kuonekana apewe utepe wa rangi shingoni, mpiga picha akiuona ampite.

Tofauti ya 45,000 na 18,000 hutaiona kwenye zile picha kumi walizokutumia, hata mimi nna kumi nzuri. Sema "nitumie shughuli moja yote, kuanzia watu wakiingia hadi wakitoka". Hapo ndio utaona ukumbini ametoka vipi, manake kumbi za kule nyingi dari zake ni mbao za kahawia, mtu akielekeza flashi juu nyuso zote zarudi rangi ya mchuzi, ni kama vile hapa kwetu makuti yanavyomeza mwanga wote. Angalia na picha za mtu akihutubia: wengine huweka kamera kimya isipige kelele, na chini ya taa za LED zatoka na mistari mistari. Muulize pia kamera yake yaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja ama moja, kamera ya pili iko, akiugua nani atakuja, na picha atatoa ngapi baada ya siku ngapi. Wa 18,000 pengine atakujibu yote vizuri, ni kijana anayeanza, basi mpe yeye na Mungu ambariki. Lakini kama hana invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya watu wa kodi, KRA, mhasibu wenu atakurudisha, tangu Januari 2024 KRA kwa kawaida haikubali gharama isiyokuwa nayo.

Mkataba usome kabla ya kutuma dipoziti. Watu husoma mambo ya Marekani mtandaoni wakasema picha ni za aliyepiga, lakini Sheria ya Hakimiliki yetu ya 2001 yasema kazi ikiagizwa hakimiliki huhesabika imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mmekubaliana vingine. Hiyo "vingine" ndio huandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, kwamba picha ni zake na nyinyi mwaruhusiwa kuzitumia mwaka mmoja tu. Si dhambi, ni biashara yake, lakini ujue kabla meneja hajaziweka kwenye kalenda.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni mpiga picha hapa hapa Malindi na nimesikia sacco fulani wanataka kuchukua mtu wa Nanyuki. Sisi vijana wa hapa tutakula wapi? Na kampuni za Nairobi zikija Malindi na Watamu zaja na wapiga picha wao! – Nimeachwa

JIBU: Marahaba. Nilijua utaandika.

Hasira zako ni za haki lakini wazielekeza kusiko. Wale wa Nairobi wajapo na mtu wao wapata hasara ile ile niliyoipata mimi mlimani, wewe tu hujawaambia. Mtu wa Nairobi apanga picha ya ufuoni saa tatu asubuhi kwa kuwa ratiba yasema saa tatu. Bahari yetu iko mashariki, asubuhi jua liko nyuma ya watu, wewe wajua wasubiri saa kumi liwapige usoni. Yeye hajui maji. Akija siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, akakuta yamekupwa, apiga wakurugenzi mbele ya matope na mwani na mashua imelala ubavu, na maji husogea kama dakika 50 kila siku kwa hivo hata akiuliza leo, kesho si ile saa. Hajui kwamba mvua zikinyesha bara mto Sabaki wajaa na bahari ya hapa mjini yageuka rangi ya chai ya maziwa, na siku hiyo hiyo Watamu maji pengine ni buluu, mwendo mfupi tu kwa gari. Hajui upepo wa kusi utamuangushia bango la kampuni na stendi zote pale kwenye mnara wa Vasco da Gama.

Sasa wewe ukurasa wako umeweka picha mia za bibi harusi, hakuna hata moja ya mkutano, na bei umeandika "njoo inbox". Pata meneja wa hoteli mmoja, muombe upige bure semina moja ndogo uwe na ya kuonyesha, kisha ukipigiwa simu na Nairobi usianze na bei, anza na jedwali la maji la tarehe zao. Na huyo karani mpigie, muombe kazi ya kuandika ule ukurasa mmoja wa kumwelekeza mtu wa Nanyuki. Watu wa sacco wawajua wewe. Hata akikulipa kidogo ni kazi ya kukaa.

SWALI: Bosi wetu ataka droni. Lazima? Tuko Lamu, wageni wafikia Shela. – A., Lamu

JIBU: Si lazima. Akishikilia, rubani akuonyeshe karatasi za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujamlipa chochote, droni iwe imesajiliwa na yeye awe na ruhusa ya kuirusha, si "nitaongea na jamaa". Na Manda kiwanja cha ndege kiko ng'ambo tu ya maji, ndege zashuka, sio mahali pa kubahatisha. Mimi ningempandisha mpiga picha juu ya dari ya nyumba moja ya ghorofa hapo Shela saa kumi na moja jioni, watu wasimame chini, akawaita waangalie juu. Mwambie avue viatu akipanda, dari za chokaa zateleza.