Maswali ya wasomaji: Sprinti tuiweke kabla au baada ya kongamano?

SWALI: Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu. Mimi na wenzangu hapa Dodoma tunaandaa kongamano dogo la Python (ile lugha ya programu), siku mbili za mada, sasa tunataka tuongeze na sprinti ya madevelopa, yaani watu wakae wachangie projekti za opensosi (zile kodi yake iko wazi kwa wote) kweli kweli, ila kamati imegawanyika, wengine wanataka iwe kabla wengine baada, na bajeti ndo hivyo tena. Unashauri nini?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wekeni baada. Debian, wale wa mfumo huria wa kompyuta, wao wana DebCamp, kambi ya kazi inayotangulia kongamano lao la DebConf, na inawafaa, maana wengi wanaokuja wanafahamiana kitambo na kila mtu anajua anaenda kushika nini. Kwenu wengi ni wageni, hao inabidi kwanza wasikie mada, wapige stori kwenye chai, mtu wa projekti awaambie njoo kesho mezani kwangu. PyCon US, kongamano la Python la Marekani, nao sprinti zao huwa zinafuata baada ya mada. Ubaya wake ni kwamba watu wanasepa, kwa hiyo hiyo siku ya ziada itangazeni kwenye fomu ya kujisajili, kabla mtu hajakata tiketi ya basi.

Ila kusema ukweli kabla au baada sio kinachoua sprinti. Kinachoua ni asubuhi ya kwanza, watu wote wanadaunlodi vitu vilevile kwa wakati mmoja, waifai inakufa, saa sita mchana inafika bado mtu anahangaika kuinstoli. Jioni ya mwisho ya kongamano tengeni saa mbili za setapu tu. Pakeji zivuteni mapema kwa pip download (amri ya Python ya kushusha pakeji bila kuinstoli) muziweke kwenye flashi pamoja na repo yenyewe, yaani folda la kodi ya projekti, mtu anainstoli bila bando. Kama mnaanza, chukueni Django, ile ya kutengenezea tovuti kwa Python, testi zake zinakimbia na SQLite, databesi inayokaa kwenye faili tu, hata databesi seva huhitaji, na kwenye trakka yao, orodha ya kazi na hitilafu mtandaoni, kuna tiketi (kazi moja moja) zimewekewa alama kuwa ni rahisi, chagueni chache na mzisome nyie kwanza maana kuna nyingine urahisi wake ni jina tu.

Halafu tafuteni mtu mwenye uzoefu wa kufanya rivyuu, yaani kukagua kodi za wengine, hata akiwa mtandaoni, mkubaliane kabisa masaa yake. Bila huyo, puli rikwesti (maombi ya kuingiza mabadiliko yao kwenye projekti) zitakaa wiki na vijana watakata tamaa.

Wasioandika programu wapeni tafsiri ya Kiswahili, lakini tafsiri za Django zinapitia Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, sio GitHub inakokaa kodi, kwa hiyo waombe kujiunga na timu mapema, msitegemee mtu kukubaliwa siku hiyohiyo. Na hela ya tisheti nunueni ekstensheni za umeme.