Pole na Kazi kwa Kiajemi

Nilipoajiriwa kwenye ghala la viungo Deira, Dubai, karibu na ile khori ambako majahazi hupakia mizigo ya Iran, nilikuwa na maneno machache tu ya Kiajemi niliyoyaokota kwenye simu. Mwenye ghala alikuwa mzee wa Bandar Abbas. Siku ya tatu, nikiwa nimeshusha magunia ya iliki tangu alfajiri, mzee akapita, akaweka mkono kifuani akasema: "Khaste nabashi."

Neno "khaste" nilikuwa nalijua, ni mtu aliyechoka. Nikadhani ananiuliza kama nimechoka, na kwa kuogopa kuonekana mvivu nikajibu haraka: "Na, khaste nistam." Hapana, sijachoka. Mzee akanitazama kidogo, akaenda zake.

Kijana wa Kiirani niliyekuwa nabeba naye ndiye aliyenieleza. "Khaste nabashi" maana yake ni "usichoke". Mzee alikuwa ananipa pole na kazi. Iliniuma sana. Mimi mtu wa Tanga, niliyelelewa kwamba humpiti mtu yuko na jembe shambani bila kumpa pole, nimepewa pole nikaikataa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mswahili anayeanza Kiajemi ni huu: usikariri orodha ya maneno na tafsiri zake. Jifunze salamu pamoja na jibu lake, kama ulivyojifunza zetu utotoni. Ukiambiwa "khaste nabashid", jibu "salamat bashid", yaani uwe salama. Na wewe uitoe bila kungoja, kwa muuza mkate, dereva wa teksi, mlinzi mlangoni, yeyote unayemkuta kazini.

Utashangaa jinsi mengine yalivyo karibu na nyumbani. Mtu anakuuliza "Che khabar?", unajibu "Salamati." Habari? Salama. Sisi na wao tumeyachukua maneno haya kwa Waarabu, kila mmoja akayatengeneza kwa ulimi wake. Ukizijua njia zao, maneno yanafunguka yenyewe. Dh yetu kwao ni z, kwa hiyo adhuhuri ni "zohr", na "hafez" katika "khoda hafez" ni ndugu wa hifadhi: Mungu akuhifadhi. W yetu kwao ni v; wakati ni "vaght", na "vaght bekheyr" ni salamu ya saa yoyote, wakati wa heri. Kh isikutishe, itamke kama wazee wa pwani wanavyosema kheri na Khamisi.

Kinachotusaliti ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: saLAma, haBAri. Wao majina huyakaza mwishoni: khaBAR, salamaTI. Mimi nilifanya mazoezi nikipanga makopo ya manjano, neno moja kwa kopo moja, mpaka ulimi ukazoea. Halafu ile a ndefu, ya "salaam", inatoka chini kooni, imeelekea kwenye o.

Jihadhari na "shab bekheyr". Ni usiku mwema, na kama usiku mwema yetu, ni ya kuagana. Ukiingia dukani saa mbili usiku sema "salaam" tu, inatosha saa zote. Asubuhi una "sobh bekheyr", na hiyo ni ya kukutana.

Shikamoo hawana. Nililitafuta neno lake muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba heshima yao imo ndani ya kitenzi. Mtu mmoja wa rika lako ni "to", lakini mkubwa au mgeni ni "shoma", wingi, na kitenzi kinafuata. Rafiki utamwuliza "Khubi?" Mzee utamwuliza "Hale shoma khube?" au "Khubid?" Ndiyo maana mzee aliniambia "nabashi" na mimi nilipaswa kumrudishia "bashid", yenye ile d ya wingi. Anayeanza ashike "shoma" kwa kila mtu mpaka mwenyewe aambiwe alegeze. Ongeza "agha" kwa mwanamume na "khanom" kwa mwanamke. Na mkono usiutangulize kwa mwanamke, weka wako kifuani; akitaka kukupa wake atakupa.

Kesho yake nilimkuta mzee na karatasi zake za mizigo. Nikaanza mimi: "Salaam agha, khaste nabashid." Akavua miwani. "Salamat bashi, pesaram." Pesaram ni mwanangu. Akanimiminia chai, nami nikamwambia neno jingine nililofundishwa usiku ule, "dastetun dard nakone", mkono wako usiume, ambalo ni asante kwa aliyekufanyia jambo. Jibu lake akanifundisha mwenyewe, polepole, mara tatu: "Saret dard nakone." Kichwa chako kisiume.

La mwisho ni kuagana, hasa kwenye simu. Usikate baada ya "khoda hafez" ya kwanza. Unajua zile haya zetu, haya bwana, haya, wasalimie? Na wao wanazo. Kuna "ghorbane shoma", niwe kafara yako, na usiitafsiri kichwani, ipokee tu. Kisha inakuja "salam beresunid", wasalimie nyumbani. Hapo jibu ni "bozorgitun ro miresunam". Ni refu kwa anayeanza, lakini lishike: nitawafikishia ukubwa wako.