Jibu: Kazi ya kiongozi wa wazamiaji

Ndugu yangu, umeuliza kama kiongozi wa wazamiaji hapa Mombasa ana kazi nyingine mbali na kuwaonyesha wageni samaki. Samaki ni mwisho kabisa. Kazi huanza kwa kusoma maji: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo kwenye mlango wa mwamba huwa mkali, na msimu wa kusi, upepo wa kusini, maji huchafuka. Hapo anabadilisha mahali au anaahirisha.

Kwenye boti, kila mtungi wa hewa uwe na baa 200 hivi (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa). Mzamiaji avute pumzi mara tatu nne akiitazama geji. Mshale ukicheza kila anapovuta, valvu ya mtungi haijafunguka vizuri: juu hewa itatosha, lakini kwenye mita 25 itamkaba. Kosa dogo, na watu hulirudia kila siku.

Chini anauliza hewa mara kwa mara. Mmoja akifika baa 100, kundi zima linageuka, hata wengine wakinuna. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, wasimame dakika 3 kwenye mita 5, watoke na baa 50. Juu anahesabu vichwa kabla nahodha hajawasha mashine.

Mgeni asiye na cheti cha kuzamia, kiongozi humwachia mwalimu.