Sensa ya presha au kihisi cha shinikizo?

Swali: Nauza vipuri vya malori na mashine za boti Mombasa, na sasa naandaa orodha ya bidhaa kwa Kiswahili. Mafundi wanasema "sensa ya presha", mwenzangu anashikilia "kitambuzi cha kanieneo", nami nimeandika "kihisi cha shinikizo la mafuta". Lipi sahihi?

Jibu: Kihisi cha shinikizo kibakie. Hilo la mafuta lifute leo hii.

Kanieneo ni neno la fizikia, tena limeundwa kwa akili: shinikizo hupatikana ukigawa kani, yaani nguvu inayosukuma, kwa eneo inaloliangukia. Darasani lina heshima yake, ila mteja wa kaunta atakukodolea macho. Shinikizo analijua tangu siku aliyopimwa damu zahanati. Presha nayo si kosa, ni lugha ya gereji, itumie mkizungumza. Chunga upatanisho tu: presha *ya*, shinikizo *la*. "Shinikizo ya" naiona kila siku na sijaizoea.

Sensa kwa wasomaji wengi ni kuhesabu watu, kama ile ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022. Hakuna atakayedhani unauza makarani, lakini kwa nini umkwaze msomaji wakati kihisi kipo? Wingi wake ni vihisi. Usikichanganye na kihisishi, ambacho ni "lo!" na "ebo!" za sarufi. Kitambuzi sikipendi hapa, kwani kutambua ni kujua kitu ni nini, na chombo hiki hakijui kama kinasukumwa na oili, maji au upepo. Ndani yake mna kiwambo chembamba. Kikisukumwa hupinda kiasi ambacho jicho halioni, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa umeme, mara nyingi volti 0.5 hadi 4.5. Kiwambo ni neno letu kabisa, limetoka kwenye kuwamba, kama ngozi ya ngoma.

Sasa mafuta. Kwetu dizeli ni mafuta, petroli ni mafuta, na kilainishi cha injini, yaani oili, pia wengine hukiita mafuta. Mashine moja ya boti inaweza kuwa na kihisi cha oili na cha dizeli pia. Cha oili kwa kawaida hupima hadi bar 10 (bar ni kipimo cha shinikizo). Cha dizeli, kwenye bomba linalolisha nozeli za injini za kisasa, huweza kukutana na bar 2000. Mteja aliyesoma "shinikizo la mafuta" ana haki ya kuagiza chochote kati ya hivyo, kisha akurudishie kwa hasira. Mafundi walishalimaliza tatizo hili zamani: oili ni oili, dizeli ni dizeli. Waige. Vivyo hivyo kwa breki za lori: andika "shinikizo la upepo wa breki", usiandike "hewa" tupu, maana injini nayo huvuta hewa yake na ina kihisi chake.

Kuna na swichi ya oili, ile inayowasha taa nyekundu ya birika kwenye dashibodi. Hiyo si kihisi. Inajua mambo mawili tu, shinikizo lipo au limeshuka mno; kihisi husema ni kiasi gani, na geji humwonyesha dereva. Katika orodha yako viweke mbali.

Mwisho, kwa bidhaa za baharini umeandika "hakiingizi maji kabisa". Kama kimepewa daraja la IP67, maana yake kimejaribiwa kwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Andika hivyo hivyo, na ongeza kama chuma chake kinastahimili chumvi, jambo ambalo daraja hilo halilisemi. Nahodha anayesoma "kabisa" atakifunga hata mahali panapokaa chini ya maji mwaka mzima, na atakuwa amekuelewa sawasawa.