Jibu: Kwa nini pinki ya maua ya mcheri inatoka na vidoadoa?

Ndugu, umesema kwenye chapa yako ya Kijapani, ya kibao cha mbao kilichochongwa, mpaka wa petali uko sawa, ila pinki ina vidoadoa na mchirizi unaofifia angani umekatika ghafla. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Vidoadoa, Wajapani huviita goma-zuri, yaani chapa ya ufuta. Mara nyingi gundi ya mchele haitoshi, au baren, kisugulio cha mkono cha kubania karatasi kibaoni, haikukandamizwa vya kutosha. Weka rangi kibaoni, ongeza kigundi kidogo kama punje ya njegere, kisha sambaza kwa brashi mpaka kibao king'ae bila vidimbwi. Gundi ikizidi, karatasi inanata na kuchanika nyuzi.

Mchirizi, yaani bokashi, unategemea maji. Pangusa kibao kwa kitambaa chenye maji pale rangi inapotakiwa kuishia. Rangi itie upande mmoja tu wa brashi pana, halafu ipitishe kwa mstari mmoja, huku na huko, bila kuigeuza. Kibao kikiwa kikavu, unapata ukingo mkali kama ulioupata.

Karatasi je? Ilowanishe kwa usawa, irundike chini ya ubao kwa saa kadhaa. Ikikauka katikati ya kazi inasinyaa, na pinki inaruka nje ya petali hata kama alama za kento, za kuweka karatasi mahali pake kibaoni, zimechongwa vizuri.

Ukitumia beni, pinki ya asili ya maua ya kartamu, usiitundike penye jua. Inapauka haraka sana; ndiyo maana pinki kwenye chapa nyingi za zama za Edo (Japani, 1603–1868) leo inaonekana imefifia.